Jinsi binti yangu alivyoacha kuchanganya dhamira na ujumbe

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Moshi. Istilahi za fasihi kama fani, maudhui na tashihisi (kukipa kisicho binadamu tabia za binadamu): maana zote alizikariri, lakini akipewa kifungu cha ufahamu anachanganya. Dhamira na ujumbe ndivyo vilivyomliza zaidi.

Asubuhi moja mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi, nikamkumbusha hadithi ya Wachaga aliyosimuliwa na bibi yake, ya vilele vyake viwili, Kibo na Mawenzi. Moto wa Mawenzi ulikuwa ukizimika kila mara, naye anakwenda kwa Kibo kuomba makaa, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile.

“Milima inaomba moto?” nikamuuliza.

“Tashihisi, mama!”

Wahusika aliwataja papo hapo. Mgogoro ukawa yale makaa. Dhamira, yaani jambo linalozungumziwa, akasema ni uvivu. Ujumbe, yaani funzo tunalopata, akautamka kwa sentensi nzima: anayemtegemea jirani kila siku humchosha. Hapo fundo likafunguka. Dhamira tunaitaja kwa neno moja au mawili. Ujumbe unasema jambo kamili.

Sasa kila kifungu kipya anaanza kwa kujiuliza: hapa Kibo ni nani, na makaa ni nini?