Nilivyoipa seva yangu ya nyumbani diski pacha

Seva yangu ni kompyuta ya ofisi niliyonunua mtumba, imekaa chini ya meza ya sebuleni hapa Bel-Air, Lubumbashi. Ndani ina Proxmox, programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kimtandao ndani ya kompyuta moja, nazo ni tatu: moja ya hesabu za duka la dawa la dada yangu, moja ya picha za familia, na moja ya majaribio yangu mwenyewe. Zote tatu ziliishi juu ya diski moja ya GB 500. Nilijua ni hatari, ila kila mwezi nilikuwa na sababu ya kungoja mwezi unaofuata.

Desemba, usiku wa mvua na radi, umeme ulikatika mara tatu. Ulipotulia, seva haikuwaka: skrini nyeusi, kishale kinapepesa. Dada akapiga simu, "Yaya, stoki haifunguki, niandike mu kayé?" Nikamwambia aandike kwenye daftari. Kumbe ni kebo ya diski tu iliyolegea. Lakini kabla sijaigundua nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwomba radhi, na kesho yake asubuhi nilikuwa mjini natafuta diski ya pili.

Muuzaji akanitolea ya GB 480. "Papa, 480 ao 500 ni moja tu." Nami nikakubali, kwa uvivu. Nyumbani nikajaribu kunakili mpangilio wa patisheni, yaani vile diski ilivyogawanywa sehemu, kutoka diski ya zamani. Sgdisk, programu ya kazi hiyo, ikagoma, ikisema patisheni ya mwisho imezidi ukubwa wa diski. Pacha lazima awe sawa au mkubwa, akipungua hapokelewi. Nikarudi dukani, nikaongeza dola chache, nikapewa ya GB 512. Zile 12 za ziada zimelala bure, sina neno nazo.

Bahati yangu ni kwamba siku ya kusakinisha Proxmox nilichagua ZFS, mfumo wa kuhifadhi data unaoweza kuunganisha diski kadhaa, ingawa diski ilikuwa moja. Kwa hiyo sikubomoa chochote. Nilinakili patisheni, nikaipa diski mpya vitambulisho vyake kwa sgdisk -G, halafu nikafika kwenye amri yenyewe. Hapo nilitoa mkono kwenye kibodi nikasoma mara mbili. zpool attach humpa diski ya zamani pacha: kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. zpool add hufanya jambo jingine kabisa, huongeza nafasi kwa kugawa data kati ya diski mbili, na ikifa moja umepoteza zote. Maneno mafupi mawili, yanafanana kwa mtu aliyechoka. Diski nazo nilizitaja kwa majina marefu ya /dev/disk/by-id, yenye namba ya utambulisho ya kila diski, kwa sababu majina mafupi, sda na sdb, yanaweza kubadilishana ukiwasha upya.

Nikaandika attach, kunakili kukaanza. ZFS hainakili diski nzima, inanakili kilichotumika tu, na mimi nilikuwa na GB 140 hivi. Katikati ya kazi, umeme ukaenda! Nilikaa gizani nikiiangalia ile meza. Uliporudi, zpool status, amri ya kuangalia hali ya diski, ikaonyesha kazi imeendelea kutoka ilipofikia. Haikuanza sifuri.

Watu wengi wanaishia hapo. Mimi nilizima mashine nikaichomoa diski ya zamani, nione kama itawaka kwa ile mpya peke yake. Haikuwaka. Data yote ilikuwa kwenye diski mpya, ila hakuna cha kuwashia, kwa kuwa patisheni ya 2, ile ya kuanzishia mfumo, haimo ndani ya ZFS, na attach haiigusi. Nikairudisha ya zamani, nikawasha, nikapiga proxmox-boot-tool format kisha proxmox-boot-tool init kwenye patisheni ya 2 ya diski mpya. Nikachomoa tena. Safari hii ikawaka, imeandika DEGRADED, yaani diski moja haipo, na dada akafungua stoki yake bila kujua kitu. Nilipoirejesha diski ya zamani, ilivuta yale mabadiliko machache tu, sekunde kadhaa.

Nakala za nje bado ninazo, kwenye diski ya USB iliyoko kwa dada. Pacha hutii: nikifuta picha kwa bahati mbaya, zinafutwa pande zote mbili papo hapo.

Kitu cha mwisho nilichofanya ni kubandika karatasi juu ya kila diski, nimeandika tarakimu nne za mwisho za namba yake. Siku diski moja ikifa nami niko mji wa Likasi, nitasoma namba kwenye simu, na mke wangu atajua ipi ya kuchomoa.