Wiki moja darasa la pili, Tukuyu

Jamani nimerudi Manchester tangu Jumapili lakini akili yangu bado iko kwetu Tukuyu, kule Mbeya, Tanzania, kwenye darasa la pili la wifi yangu. Nilienda likizo mwisho wa Julai, kaka akaniambia ukikaa hapa ndani utaganda tu na baridi hii, nenda kamsaidie wifi yako shuleni, basi nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikaingia darasani wiki nzima. Huku Uingereza kazi yangu ndo hiyohiyo, msaidizi wa mwalimu, ila huku sheria inasema watoto wa miaka mitano hadi saba wasizidi 30 kwa mwalimu mmoja. Wifi yangu ana 87. Nilihesabu mwenyewe maana sikuamini. Wanabanana wanne wanne kwenye dawati na wakisimama kusema shikamoo mwalimuuu bati linaitika.

Wiki ile walikuwa kwenye silabi za mwambatano, mba, nda, nga. Raha ya Kiswahili ni hiyo, ukishazishika silabi hakuna neno la kukushinda, si kama Kiingereza kinachoandikwa hivi kinasomwa vile. Huku tangu 2012 watoto wa miaka sita wanapewa maneno 40 wamsomee mwalimu, na nusu yake ni maneno ya kutunga tu, hayana maana yoyote, makusudi ionekane kama mtoto anasoma kweli au amekariri.

Nililikumbuka hilo Jumanne. Kuna binti anakaa karibu na dirisha, sweta limetoboka kiwiko, akasimama akasoma "upepo unasukuma tanga la jahazi" bila kukwama hata kidogo. Nikamuuliza tanga ni nini? Kimya. Jahazi je? Anaangalia miguu yake. Nikauliza darasa zima, kimya vilevile. Yaani kwao yale yalikuwa kama yale maneno ya kutunga ya Manchester, wameyasoma vizuri kabisa na hawajaambulia kitu.

Nyumbani kwao ni Kinyakyusa, Kiswahili wengi wamekutana nacho sawasawa shuleni. Wifi akasogea katikati, akashusha sauti, akawaeleza kwa Kinyakyusa, kisha akavua kitenge alichojitanda akakitanua pale dirishani, upepo ukakijaza, darasa zima aaaah! Baadaye nikamuuliza wifi, mbona ulikuwa unanong'ona? Akasema lugha ya kufundishia ni Kiswahili wifi yangu, sitaki nionekane nawarudisha watoto nyuma. Iliniuma sana, maana huku mwalimu wa mwanangu aliniita akanisihi niendelee kuongea naye Kiswahili nyumbani, akasema mtoto aliyeshiba lugha ya kwao hata hii nyingine anaishika vizuri, na mi naona ni kweli kabisa, nimeiona kwa macho yangu kwenye kile kitenge.

Jumatano imla. Kalanga, lafiki, balabala, madaftari yote hivyohivyo, kwa sababu Kinyakyusa hakina r. Enzi zangu nilichapwa kwa hiyo r mpaka nikawa naogopa kunyoosha kidole, na ndo maana niliwaangalia wale watoto nikashikwa na machozi. Wifi hakumgusa mtu. Aliwaambia washeni pikipiki, rrrrrr, wote 87, na nje mvua inapiga bati (Tukuyu haijali kwamba ni Julai), halafu bila kuzima moto waseme rrrafiki. Kuna waliopata, kuna ambao bado, akasema tutawasha tena kesho.

Ijumaa nawaaga, yule binti wa dirishani akanifuata hadi mlangoni, akanipa kikaratasi amekichana kwenye daftari, akakimbia. Penseli, herufi zimepanda kilima: ndaga mwalimu. Ndaga ni asante kwa kwetu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha linavyoandikwa, ile nda aliitoa ubaoni.