Mashine ya kunyolea inapiga kelele na kung'ata nywele: jinsi nilivyoitengeneza

Mashine yangu ni ile ya waya, yenye mota ya sumaku. Ilianza kukereketa kila nikiiwasha, na ikifika kichwani inang'ata nywele badala ya kukata. Nikasugua meno kwa brashi, nikatia mafuta, nikafunga hata meno mapya. Wapi! Kelele zilezile.

Dawa ilikuwa skrubu ndogo ya ubavuni, ambayo ukiiona unadhani inashika kava tu. Kumbe ndiyo inayorekebisha mwendo wa ule mkono unaotikisa meno. Tena hurekebishwa mashine ikiwa inawaka, si imezimwa. Zungusha kulia polepole mpaka isikike ikigonga kwa nguvu, ta-ta-ta. Halafu rudisha kushoto, kidogo mno, na pale kelele zinapokatika ghafla ndipo pa kusimama. Ukizidi kurudisha itatulia vizuri tu, lakini meno yatakosa nguvu na nywele zitaendelea kung'atwa. Kwangu tofauti ilikuwa chini ya robo mzunguko.

Kama ulifungua meno, yapange upya: la juu, linalocheza, likae nyuma ya la chini kwa kama milimita 1. Yakilingana kabisa, yanachana ngozi.

Mafuta ni matone mawili matatu mepesi, ya cherehani yanafaa, mashine ikiwaka, kisha futa yanayozidi. Ya kupikia hapana, yanaganda.