Siku ticha alipotaka kutuotesha jua saa saba mchana

Mwaka 2013 mi nilikuwa napiga kazi ya spika hapa Dodoma, yaani nina jenereta, spika mbili kubwa, miksa ya Kichina na maiki mbili, moja ya waya na nyingine haina waya ila hiyo ukisogea nayo mbali kidogo inakata, tunakodishwa kwenye harusi, mikutano ya injili, kampeni, popote penye watu wengi na hakuna umeme. Mwezi wa kumi nikapata kazi kijiji kimoja huko upande wa Mvumi, kuna wazungu walikuwa wamechanga hela wakachimbia watu kisima sasa ilikuwa siku ya kukabidhi.

Kama hujawahi kukaa Dodoma mwezi wa kumi nikwambie tu, mvua ya mwisho unakuwa umeshaisahau, ilikuwa ya mwezi wa nne huko, na inayofuata ni mpaka Desemba au mwishoni mwa Novemba mkibahatika, hapo katikati ni vumbi, upepo na jua. Wakinamama wa kijiji kile walikuwa wanachimba mchanga korongoni wanasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo wanachota na kibuyu, ndo wanajaza ndoo. Kwahiyo hilo bomba la mkono lilikuwa jambo kubwa sana, watu walijaa toka saa tatu asubuhi wakati mgeni rasmi kafika saa saba. Turubai lilikuwa moja tu, la meza kuu. Wananchi wote waliobaki walikuwa chini ya mkwaju mmoja mkubwa, kivuli kikihama na wao wanahama, na wala hawasimami, wanajiburuza hivyo hivyo na watoto wao na khanga zao.

Mgeni alikuwa mzee wa Kiingereza, mpole, kashakuwa mwekundu kama nyanya. Alivyoanza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, watu wakamshangilia mpaka basi. Mkalimani wake ni ticha wa Kiingereza wa sekondari ya kata, kijana mwenzangu, shati kachomekea, na lugha anaijua kwelikweli siyo ya kubabaisha. Mi nipo pembeni na miksa yangu nasikia kila kitu. Yule mzee kaongea kaongea, kashukuru waliochanga huko kwao, kashukuru kamati ya maji, afu akanyoosha mikono akasema: "Today, let us bask in this success."

Ticha hakupepesa macho. "Mgeni wetu anasema, leo tuote jua la mafanikio haya!"

Kimya. Afu bibi mmoja aliyekuwa kakaa mbele kabisa, miguu kainyoosha, na hata hicho kivuli cha mkwaju kilikuwa kimeshamkimbia, akasema kwa sauti, "Jua tena? Mwambieni hilo tunalo."

Bana wee, watu walicheka. Mwingine nyuma huko akadakia, "Aje aote yeye huku, sisi tukakae turubaini!" Mwenyekiti wa kijiji akanyakua maiki atulize watu, akaisogeza karibu na spika ikapiga mluzi mkali watoto wakaziba masikio, ndo vicheko vikazidi. Na mzungu wa watu anatabasamu anajua hotuba imewaingia.

Sasa mi huwa namtetea ticha hadi leo. Ukichukua lile neno kavu kavu, "bask" ni hiyo hiyo kuota jua, au joto lolote zuri hata la moto, lakini siyo kule kuwa juani tu, lazima uwe umetulia unasikia raha na huna haraka. Anayepalilia uwele juani ha-"bask" huyo, anaungua. Na Kiingereza chake kinataka uweke ile "in" baada yake, huli-"bask" jua moja kwa moja, una-"bask" ndani yake. Ndo maana wakalihamisha wakalipeleka kwenye sifa na ushindi, timu ikichukua kombe wachezaji wana-"bask" kwenye utukufu wao, umelala ndani ya sifa hutaki kutoka. Kuna hadi papa wamempa jina hilo, yule wa pili kwa ukubwa baada ya papa potwe wetu wa Mafia, eti kwa sababu anaelea juu juu ya maji taratibu kama anaota jua kumbe yupo anakula.

Kwa Mwingereza jua ni la kubahatisha, likitoka watu wanaenda kulala kwenye nyasi za bustani. Sisi huku tuna miezi miwili tu ya kulitamani, Juni na Julai, ule upepo wa asubuhi unaopita kwenye sweta kama hujavaa kitu. Hapo utaona wazee na makoti yao wameegemea ukuta wa mashariki, pimbi wamejipanga juu ya majabali wamesogeleana, na mijusi, yale madume yenye kichwa chekundu, yametulia kwenye mawe mpaka miili ipate moto ndo yaanze kukimbizana (kuna aina wataalamu wameiita kabisa Agama dodomae, kwa hiyo tuna mjusi wetu rasmi). Ila ikifika saa nne wote hao wameshahamia kivulini, mzee, pimbi na mjusi.

Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba hilo neno asili yake ni lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia, na huko maana yake ilikuwa kujiogesha. Kuoga! Yaani pale kisimani ticha angeng'ang'ania maji badala ya jua angekuwa karibu zaidi na mababu wa neno lenyewe, na yule bibi asingekuwa na la kusema.

Aliyemwokoa ticha siku ile ni mzee mmoja wa baraza, ana fimbo na mgolole wake begani, wala hakusimama. "Ticha, si anasema leo tutambe?"

"Ndiyo mzee, anasema leo tutambe!"

Vigelegele. Wakinamama wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, wakakamata ngoma zao wakati ratiba ilikuwa bado ina hotuba ya diwani, ikafa hapo hapo na sikuona mtu aliyeisikitikia. Mgeni akapelekwa kwenye bomba akapampu, yakatoka maji ya rangi ya chai, yakaja yakasafika. Yule bibi akakinga kiganja akaonja, akasema yana chumvi, afu akaenda kuleta ndoo.

Jioni tukarudi na ticha kwenye pikapu moja, tumekaa nyuma na spika. Nikamwambia kaka si ungesema tu tufurahie. Akagoma, anasema kufurahia ni jambo la dakika mbili, yule mzee alimaanisha kukaa mle ndani ya furaha. Nikamwambia basi tujidai. Akasema hapana, mgeni angeonekana anaringa. Nikamwambia tujimwambafai, akacheka mpaka akashika bodi ya gari. Lakini bado akabisha kwamba sentensi yake haikuwa na tatizo, tatizo ni muda, angeisema Julai saa mbili asubuhi hakuna mtu ambaye angecheka.

Dereva akachungulia dirishani akamwambia, "Kwa mgeni huyu huyu wa leo, hiyo saa mbili ungeitoa wapi?"