Tao la geti na ukuta wa bibi: mwezi wa kumi na tisa

Nimepima tena leo, Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024. Asumini ya kushoto imefika mita 1.6, ya kulia mita 1.3, na kilele cha tao kiko mita 2.4 kutoka chini. Safari bado. Lakini tangu nianze Machi 2023, hii ni mara ya kwanza kila mmea kuwa mahali ninapoamini utakaa, kwa hiyo naandika yote kabla sijayasahau.

Kwa asiyeujua mradi huu: nyumba ni ya bibi, hapa Tanga, karibu na bahari kiasi kwamba kusi ikivuma madirisha yanashika chumvi. Nilikuwa na sehemu tatu za kufunika kwa mimea inayotambaa. Ya kwanza ni tao la geti, ambalo fundi wa kuchomelea alinikunjia kwa nondo za milimita 12. Ya pili ni ukuta wa tofali za simenti unaotazama magharibi, mita 11, unaochomwa na jua kuanzia saa saba mpaka linapozama. Ya tatu ni ukuta wa jiko la zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya mikono ya babu.

Kwa wauza miche wa barabarani nilichagua kwa macho tu. Bogenvilia ya zambarau ikaenda kwenye tao. Ukuta wa jiko nikaupa ule mmea wa majani madogo unaoganda ukutani kama zulia, Ficus pumila. Muuzaji alisema yote miwili "inatambaa", na ni kweli. Ila neno hilo moja limebeba tabia nyingi, na mimi sikuuliza hata moja.

Aliyenifundisha ni mmea ambao sikuupanda. Mei 2023, masika imekolea, kwenye uzio wa nyuma likachanua ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Ni Gloriosa superba, mwenyeji wa pande zetu hizi. Nilichuchumaa kulitazama ua, nikajikuta natazama majani. Ncha ya jani ilikuwa imerefuka ikawa uzi, na uzi umejizungusha kwenye seng'enge mara mbili. Jani lenyewe ndilo mkono! Bibi akaniona kutoka barazani.

"Mke mwenzangu, usiuchezee huo. Kiazi chake kinaua."

"Shikamoo bibi. Sijaugusa, nauangalia tu."

"Marahaba. Uangalie ukiwa umesimama."

Ana haki. Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi chake mtu anaweza kukidhania cha kula. Watoto wa jirani wanacheza uani kwetu kila siku, kwa hiyo nilikichimbua kwa glavu na kukitupa kwenye shimo la taka. Ilinisikitisha, maana sijaona ua zuri kama lile.

Tangu siku ile naangalia mikono kwanza, maua baadaye. Mpasheni una vikono vyembamba vinavyojikunja kama springi. Unataka kitu chembamba cha kushika, waya au fito, na ukutani mtupu hautapanda hata ukiusihi. Ua la bluu, Clitoria ternatea, halina vikono, shina zima ndilo linalojisokota kwenye nguzo. Ficus pumila hutoa vijizizi vinavyonata ukutani penyewe. Na bogenvilia? Haina chochote kati ya hivyo. Inarusha matawi marefu, miiba inanasa popote, basi inaegemea.

Mmea wa kuegemea wenye miiba, nami nimeuweka kwenye njia yenye upana wa mita 1.2. Idi ya kuchinja ya 2023 shangazi alipita getini, tawi likamshika buibui, likachanika bega zima. Julai nikauhamishia kwenye ukuta wa magharibi. Mizizi ya bogenvilia haipendi kusumbuliwa. Niliutoa na bonge lake la udongo, na bado ulipukutisha majani yote. Ukutani nilikuwa nimetandika safu tano za waya usioshika kutu, zimeachana sentimita 40, kila waya umekaa sentimita 6 mbele ya tofali. Nafasi hiyo ni ya hewa, na pia ya vidole vyangu wakati wa kufunga matawi.

Ulipochipua nikauonea huruma, nikawa naumwagilia kila jioni. Nilipata majani, majani, majani. Mzee wa nyumba ya pili akaniambia naulea mno. Januari 2024, kaskazi imekausha kila kitu, nikaacha maji kabisa. Katikati ya Februari ukuta wote ulikuwa zambarau. Tena ile zambarau si petali: ni majani matatu yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni vile vijineli vyeupe vidogo vilivyo katikati. Naenda kuvitazama karibu kila asubuhi.

Kosa la ukuta wa jiko ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ule ni ukuta wa babu. Novemba 2023 nilivuta tawi moja la Ficus pumila kulirekebisha, na lipu ya chokaa ikatoka nalo, bamba la ukubwa wa sinia. Vijizizi vilikuwa vimeingia kwenye kila ufa. Kwenye simenti ngumu mmea huu haudhuru sana, lakini lipu ya chokaa iliyozeeka ni laini. Nililowesha ukuta, nikautoa mmea kidogo kidogo kwa siku tatu. Kiraka nilikiziba kwa chokaa na mchanga. Fundi mmoja alitaka kuweka simenti, nikakataa, kwa sababu simenti hufungia unyevu ndani ya matumbawe na lipu ya jirani inabanduka baadaye. Mche wenyewe sasa uko kwenye kona ya tangi la maji, tofali tupu na kivuli cha mchana, na umetulia. Nitaukata mara kwa mara. Ukiachwa, hutoa matawi magumu yenye majani makubwa yanayochomoza nje.

Mbele ya ukuta wa jiko nikasimamisha kichanja cha mianzi, sentimita 30 mbali nao, hakigusi jiwe hata moja. Hapo nikapanda pasheni ya njano, ile inayostahimili joto la pwani. Vipande vitatu, vyote nilivikata kwenye mpasheni mmoja wa rafiki. Julai mwaka huu maua yalikuja kwa makumi. Yanafunguka karibu na adhuhuri, jioni yanafumba, siku ya pili yanaanguka. Hakuna tunda. Wiki tano, hakuna tunda.

Sababu ni kwamba pasheni ya njano haijirutubishi: chavua yake yenyewe inaikataa. Na vipande vitatu vya mti mmoja ni mti mmoja uliosimama mahali patatu. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wachavushaji wake hasa, walikuja, wakafanya kazi bure. Mwanzoni mwa Septemba nikaenda kwa jirani ambaye wake ulitokana na mbegu, nikaomba maua sita, saa nane mchana nikayapitisha juu ya maua yangu moja moja. Leo nimehesabu matunda 14 ya kijani. Nimempelekea jirani habari kabla sijampelekea mtu mwingine.

Tao sasa ni la asumini, tangu Machi 2024. Nayo haina mkono, haisokoti, haishiki; imeachiwa ni kichaka tu. Nimeichagua nikijua hivyo. Haina miiba, ni nyepesi, upepo wa kusi hauiyumbishi, na bibi anaihitaji kwa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Kwa hiyo kila wiki mbili naifunga mwenyewe kwa vitambaa vya kanga iliyochakaa, kwa kulegeza, shina lipate kunenepa. Mbegu za ua la bluu nilizilowesha usiku mmoja nikazipanda pembeni, zimeshafunika nusu ya nondo wakati asumini inajivuta.

Maua ya asumini bibi huyachuma kabla ya magharibi, yakiwa bado yamefumba, yafungukie chumbani. Jana alipata tisa.

Sasa anataka tambuu, yale majani ya kutafuna. Tambuu hupanda kwa vijizizi, basi jiko la babu halitaiona. Nitaiegemeza kwenye mwembe. Kipande chenye vifundo vitatu kiko ndani ya kopo, kivulini, kinasubiri vuli.