Feni ya gari inapuliza namba 4 tu? Usikimbilie kujaza gesi ya AC

Anayeendesha gari Mtwara mvua za Januari anajua adha yake: ukifunga vioo ukungu unajaa, ukifungua unalowa. Feni yangu ilikuwa kimya namba 1, 2 na 3, ukiweka 4 inavuma kama mashine ya kukoboa. Nikaipeleka gereji. Fundi hata hakuinama kuchungulia. "Bosi, gesi imeisha hiyo."

Jamani! Gesi ikiisha upepo unakuja, ila hauna ubaridi. Mwingine akasema mota imekufa, ninunue nzima. Sasa mota iliyokufa inazungukaje namba 4? Wa tatu ndiye aliyenikasirisha zaidi: alitaka kuunga waya juu ya kile kifyuzi kidogo kilichopo kwenye rezista, kile kifaa kinachopunguza umeme unaokwenda kwenye feni, "utasahau shida." Kifyuzi kile kimewekwa kikatike joto likizidi. Ukikiruka unajitafutia moto ndani ya dashibodi.

Ugonjwa ulikuwa rezista. Kwenye feni za swichi ya kawaida, namba ndogo zinapitisha umeme kwenye rezista ili mota izunguke taratibu. Ya mwisho haipiti huko kabisa, ndiyo maana inabaki hai peke yake.

Gari langu ni Toyota ya usukani wa kulia, feni iko kushoto, nyuma ya droo ya mbele ya abiria. Nikachomoa waya hasi wa betri, nikatoa droo. Kichwa hakipenyi kule, basi nikaingiza simu ikiwa inarekodi video, tochi imewashwa. Nilipoitazama picha nikaona jibu: plagi imegeuka kahawia, kona moja imeyeyuka na kugandana na pini. Rezista pekee isingetosha. Nikaagiza Dar pamoja na plagi yenye waya zake, vikaja na basi. Vyote na nauli ya mzigo havikufika hata nusu ya bei niliyotajiwa ya mota.

Kazi ilikuwa skrubu ya nyuma. Kuitoa unaweza, kuirudisha ndiyo mtihani, maana vidole viwili tu vinafika, na ikidondoka inazama chini ya zulia. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakitoboa katikati, nikapenyeza skrubu, kisha nikauvuta mpira juu ya ncha ya bisibisi ukaishika skrubu pale. Haichezi! Nikaielekeza tundu lake kwa kupapasa, ilipouma nyuzi za kwanza nikavuta, mpira ukachomoka. Mke wangu alisikia kelele za furaha akadhani Simba wamefunga.

Usifunge droo bado. Rezista imekaa kwenye njia ya upepo kwa sababu upepo ndio unaoipoza, na ikiungua lazima kuna sababu. Nikashusha mota, nikakuta vijani vya mwarobaini vimesokotana kwenye panga za feni, na vumbi la safari za Newala limeganda. Nikasafisha, nikaizungusha kwa mkono mpaka ikaenda laini. Mota nzito inavuta umeme mwingi, itaiunguza na rezista mpya.

Kama gari lako AC yake ni ya otomatiki, ya kuchagua nyuzi joto, usinunue rezista kama yangu. Nyingi hutumia kifaa cha transista kudhibiti kasi ya feni, kwa hiyo chomoa cha zamani kwanza, ukipige picha pamoja na namba zake, ndipo uagize.