Tundu kati ya dada wawili

Jumapili, saa nne usiku.

Leo nimemaliza tena vitabu vyote saba vya Harry Potter, mara ya tatu sasa, na aliyeniganda kichwani si Harry. Ni Andromeda Tonks. Wapo waliovisoma vyote wasiomkumbuka, na siwalaumu. Anapoanza kutajwa, katika kitabu cha tano kilichotoka mwaka 2003, yupo kama alama ya kuungua tu.

Sirius Black, baba wa ubatizo wa Harry, anamwonyesha kitambaa kikubwa kilichotariziwa ukoo wake mzima wa wachawi, kimetanda ukutani. Bellatrix yupo. Narcissa yupo. Kati yao pana tundu dogo la mviringo, kama lililochomwa kwa sigara. Hapo palikuwa na jina la dada yao wa kati. Kosa lake ni kuolewa na Ted Tonks, ambaye wazazi wake hawakuwa wachawi. Na ukuta ule ni wa nyumbani kwa Walburga, mama yake Sirius, aliyemchoma hata mwanawe wa kumzaa. Ukifuata nasaba, Walburga ni dada wa Cygnus, baba yake Andromeda. Kumbe ni ukuta wa shangazi yake! Sisi tuliolelewa tukiambiwa shangazi ni baba wa kike, ndiye wa kukuombea msamaha baba akikasirika, hapo lazima kitabu ukiweke chini kidogo.

Nilikiweka, kwa sababu nyumbani kwa babu ipo picha ya studio ya mwaka 1987. Watoto watano wamesimama, na kati ya baba yangu na baba mdogo picha imekatwa kwa mkasi na kuungwa kwa gundi. Kilichosalia ni kiganja begani kwa baba na kifundo cha mkono chenye bangili mbili. Ni mkono wa shangazi yangu mkubwa, aliyeolewa na mtu wa dini nyingine. Utotoni nilidhani picha ziliharibikia studio.

Narudi kwa Andromeda. Sura yake tunaiona mara moja tu, kitabu cha saba, Harry na rafiki yake Hagrid walipoanguka kutoka angani karibu na kwake. Ted ameshamtibu Harry mbavu, mkono na jino. Andromeda anaingia, na Harry anaruka akitafuta fimbo yake ya uchawi, maana amedhani ni Bellatrix. Wamefanana kiasi hicho, ila nywele zake ni za kahawia laini na macho yake ni ya upole. Ni mgeni aliyeokolewa kwake, naye anamwona muuaji usoni pa mwenyeji. Mama wa watu anauliza jambo moja: binti yetu yuko wapi? Harry hajui. Anaondoka kwa kugusa brashi ya nywele yenye mgongo wa fedha, iliyorogwa imsafirishe, na wazazi wale wanabaki wakisubiri habari. Kwenye filamu hata hilo halipo, Harry anapelekwa moja kwa moja kwa akina Weasley, familia ya rafiki yake.

Halafu unakuja mwaka ule wa vita. Ted anakimbia nyumba kwa sababu wachawi wasiozaliwa na wachawi wanawindwa, anauawa mafichoni. Aprili 1998 anazaliwa mjukuu, anapewa jina la babu yake, Teddy. Baba yake, Lupin, anasimulia kwa furaha kwamba nywele za mtoto zilikuwa nyeusi alipozaliwa, na baada ya saa moja zikawa nyekundu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, Nymphadora, yule binti wa Andromeda, anamwachia mama yake kichanga na kumfuata mumewe Lupin vitani Hogwarts, shule ya uchawi. Hawakurudi, yeye wala mumewe.

Nani alibisha hodi kwa Andromeda asubuhi ile? Kitabu hakisemi. Mimi namwona amesimama na mtoto begani, anamwimbia taratibu, na nywele zinageuka rangi mkononi mwake kama zilivyokuwa zikigeuka za mama yake. Alfajiri hiyohiyo Bellatrix naye amekufa. Hata kama alimchukia, ni dada waliyezaliwa tumbo moja. Narcissa amebaki na mume na mtoto. Sijui kwa nini hili linaniuma zaidi ya mazishi yote ya vitabu vile.

Miaka 19 baadaye tunaambiwa Teddy huja kula kwa akina Potter kama mara nne kwa wiki. Bibi hatajwi. Nimezihesabu zile siku tatu zilizobaki, nikampa yeye.

Jioni nilimpigia shangazi. Tulikuwa hatujaongea tangu Idi. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu nikamuuliza kuhusu zile bangili za kwenye picha. Akanyamaza, nikaogopa nimemkosea.

"Hazikuwa zangu, mwanangu," akasema. "Nilimwazima shangazi yangu. Alinivalisha mwenyewe, mlangoni pa studio."